Mbwa Aliyechaguliwa na Cuthbert Milburn

Ukitaka ushauri usiokwisha katika mabonde ya Northumberland, sema tu dukani kwamba unatafuta mbwa. Cuthbert Milburn alilisema hilo Machi moja alipokwenda kununua viberiti, na kabla hajarudishiwa chenji alikuwa ameshachaguliwa mbwa wanne, kila mmoja ndiye bora duniani, na mmoja wao alikuwa wa binamu wa mwenye duka. Akashukuru, akatoka, akasahau viberiti.

Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Kwa miaka thelathini na moja kazi yake ilikuwa kupunguza kulungu katika msitu wa misonobari, maana kulungu wakizidi hula miche yote na msitu hauoti tena. Ni kazi ya kuua, naye hakuwahi kuipamba kwa jina jingine. Lakini alikuwa na sheria moja aliyoishika kama watu wengine wanavyoshika dini: ukimpiga, mtafute mpaka umpate. Mnyama aliyeanguka palepale hakuhisi kitu. Aliyejeruhiwa akaachwa, huyo anakufa mara nyingi, na kila mara ni juu yako.

Januari ya mwaka ule sheria hiyo ilimshinda. Mbwa wake mzee, Moss, alikuwa amekufa kabla ya Krismasi, na Cuthbert akajidanganya kwamba mtu mwenye jicho zuri na mkono mtulivu hana haja ya mbwa. Akampiga kulungu jike saa za alasiri, akamwona akiyumba na kuingia mitini. Alimtafuta kwa magoti mpaka giza, akarudi alfajiri akatafuta mpaka giza tena. Siku ya tano watu waliokuja kutembea milimani walimkuta yule mnyama amekufa, hatua mia mbili tu kutoka pale alipokuwa akitambaa, na nyasi zilizokandamizwa ubavuni mwake zilionyesha kwamba hakufa upesi. Mama mmoja kati yao alimpigia Cuthbert simu, maana namba yake ilibandikwa getini pa msitu, kumuuliza kama anamjua mwenye roho mbaya kiasi kile.

"Ni mimi, mama," Cuthbert alisema.

Simu ikakatika. Akakaa mezani jikoni na chai yake mpaka ikaota utando.

"Hilda," alimwambia mkewe, "nikimpoteza mwingine, bunduki naipeleka polisi pamoja na kibali chake. Sitaki kuzeeka hivyo."

"Halafu ufanye nini? Unifumie soksi?"

"Sifanyi mzaha, mke wangu."

Hilda akamtazama, akaona kweli hafanyi. Walikuwa wameoana miaka thelathini na nne, naye hakuwahi kumwona akiwa na uso ule ila siku waliyomzika baba yake.

"Basi tafuta mbwa," akasema. "Na usimtafute kwa kichwa chako peke yako, maana kichwa chako nakijua."

Tatizo lilikuwa aina ya mbwa. Norman Dodd, kaka yake Hilda, mfuga kondoo wa ng'ambo ya mto, alishikilia kwamba dawa ni wale mbwa wafupi wa Kijerumani, wenye miguu kama vigoda na pua zisizosahau. Cuthbert hakukataa habari za pua. Ila alikuwa ameona kwa macho yake kilichompata jamaa mmoja mwenye mbwa wa namna hiyo: kafuata harufu maili nzima, kamfikia kulungu aliyevunjika mguu, kulungu kainuka kwa miguu mitatu na kuondoka zake, na kijibwa kimebaki kikibweka kama karani aliyechelewa basi. Sehemu kubwa ya ardhi ya Cuthbert ilikuwa wazi, miti imekatwa, vimebaki visiki na nyasi. Huko ukimkuta mnyama bado yu hai unahitaji mbwa wa kumkimbilia na kumshika, mateso yaishe hapohapo. Alitaka pua ya mbwa wa kunusa juu ya miguu ya lurcher, yule chotara mwembamba wa mbwa wa mbio ambaye watu wa huko humfuga kwa ajili ya sungura.

"Lurcher!" Norman alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Shemeji, lurcher anawinda kwa macho. Mwambie anuse, atakuuliza pua ni kitu gani."

"Ndiyo maana nataka aliyechanganywa."

"Ukichanganya hivyo unajua unapata nini? Unapata mbwa anayekimbia upesi sana kwenda asikokujua."

"Kama wewe ulivyokwenda kuoa," alisema Hilda kutoka kwenye jiko, na mazungumzo yakaishia hapo kwa siku ile.

Mwenye chotara waliotakiwa alikuwa Violet Blythe, mjane wa miaka sabini na kitu, wa ukoo uliozunguka nchi ile kwa magari ya farasi vizazi na vizazi, na lurcher wao wakikimbia polepole nyuma ya magurudumu. Yeye alikuwa ameacha kuzunguka tangu mumewe afariki. Nyumba yake ya magurudumu ilisimama nyuma ya ghala la mawe, imezungukwa na mabanda na kuku. Mbwa wake jike, mrefu mwenye milia, alikuwa amepandwa na dume wa kunusa kutoka milima ya Bavaria, mali ya mtu mmoja aliyehamia bondeni, na watoto walikuwa saba wa wiki tisa.

Cuthbert alifika huko Aprili, Hilda akabaki garini na chupa ya chai kwa sababu ya goti lake. Mara tu mlango wa banda ulipofunguliwa, dume mmoja wa kijivu alitangulia wenzake, mrefu, kifua mbele, akaja moja kwa moja akauma kamba ya kiatu cha Cuthbert na kumtazama usoni. Moyo wa Cuthbert ukaenda.

"Huyu hapa," akasema.

"Loo," alisema Violet. "Umekuja kutafuta mbwa au mkwe? Mbona unaangalia sura tu?"

"Ana miguu, bibi. Tazama miguu hiyo."

"Naiona. Hata wewe una miguu, na kulungu hukumpata."

Habari ilikuwa imeshafika huko. Katika mabonde yale habari mbaya haihitaji gari. Cuthbert akawa mwekundu mpaka masikioni, lakini Violet hakusema kwa ubaya. Alisema kama daktari anayekuuliza panapouma, kisha akawarudisha watoto bandani na kufunga mlango.

"Umekuja na kitu?"

Cuthbert alikuwa amekuja na kitu. Akatoa mfukoni kwato ya kulungu iliyofungwa kwenye gazeti, maana kati ya vidole vya mnyama huyo kuna tezi inayoacha harufu kila anapokanyaga. Akaifunga uzi, akaiburuta kwenye nyasi kuanzia mlangoni pa banda, akazunguka rundo la kuni, akakata kona kali kwenda kushoto, akaificha chini ya toroli lililopinduliwa. Kisha akataka kufungua mlango.

"Ngoja," alisema Violet.

"Ningoje nini?"

"Harufu mbichi hata mimi naisikia, na pua yangu imekufa kwa tumbaku. Iache ipoe."

Wakangoja karibu nusu saa, Violet akivuta kiko chake, Cuthbert akijifanya hatazami saa. Halafu Violet akawatoa mmoja mmoja. Yule wa kijivu alitoka kama mshale, akamwona kunguru juu ya ukuta, akamfukuza mpaka mwisho wa ua, akarudi na kusimama mbele ya Cuthbert kichwa juu, mzuri ajabu, hajui kitu. Wawili, kila mmoja kwa zamu yake, wakapigana na mikia yao. Mmoja akakuta mavi ya kondoo akaridhika nayo. Wengine wawili walinusa hatua chache, kisha wakainua vichwa kumtazama Violet awaambie kinachoendelea.

"Hao ni sita," alisema Cuthbert.

"Wa saba hana anayemtaka. Watu waliokuja kabla yako hata jina hawakuuliza."

Akamtoa. Alikuwa jike mdogo, rangi ya majani makavu, mdomo mweusi, sikio moja limesimama na jingine limelala. Hakumtazama mtu. Aliweka pua chini mlangoni akaanza kwenda polepole, akazunguka rundo la kuni, na alipofika kwenye kona akaipita, hatua nne, tano, moja kwa moja. Akasimama. Cuthbert akangoja ainue kichwa kama wenzake. Hakuinua. Aligeuka na pua yake palepale chini, akarudi mpaka mahali alipokuwa na hakika mara ya mwisho, akafanya duara dogo, akaipata kona. Wakasikia toroli likigongwa. Walipofika alikuwa ameikalia kwato, naye akamngurumia Cuthbert.

Cuthbert akaupima urefu wa miguu yake kwa kiganja.

"Ni mdogo," akasema mwishowe. "Nataka mbwa wa kumshika kulungu, bibi. Huyu hata paka wangu atamshinda."

"Mama yake alikuwa hivyohivyo. Miguu huota, kijana. Sijawahi kuona mbwa aliyeota pua."

Hilda alikuwa ameshindwa kuvumilia garini. Alikuja akichechemea uani, akamwangalia yule mtoto aliyekalia kwato, akamwangalia mumewe, ambaye macho yake yalikuwa yamerudi kwa yule wa kijivu.

"Cuthbert," akasema.

Wakamchukua yule mdogo. Njiani alimtafuna Hilda vidole mpaka nyumbani, na kwa hiyo akaitwa Midge, jina la visubi wa huko wanaouma wakati wa kiangazi.

Miguu ikaota. Ikaota hata ikazidi, kiasi kwamba Norman aliuliza kama nyingine ni ya akiba. Lakini kazi yenyewe ilikuwa ya polepole. Cuthbert alikuwa na viatu vya kufungia kwato chini ya soli. Alivivaa, akatembea msituni akidondosha damu tone kwa tone kutoka kwenye chupa, akaacha masaa yapite, kisha akamvisha Midge ukosi mpana wa ngozi ambao hakuvishwa kwa jambo lingine lolote, akaufunga kamba ya hatua kumi, akamwonyesha mwanzo. Akivaa ukosi ule Midge alibadilika. Hakuona sungura, hakuona kunguru. Alikuwa kazini.

Msimu wa kwanza Cuthbert alipiga kulungu wa karibu tu, na wote wakaanguka walipo au hatua chache kutoka hapo. Midge akaenda kuwaonyesha, akapewa kipande cha ini, wakarudi. Watu wakasema mbwa amefuzu. Cuthbert hakusema. Alijua kwamba mtihani wenyewe haujaja. Kuna asubuhi alizorudi bila kupiga risasi hata moja akamwambia Hilda upepo ulikuwa mbaya, na Hilda, aliyekuwa ameanika nguo tangu alfajiri, alijua kwamba upepo haukuwapo.

Mtihani ukaja Novemba ya mwaka uliofuata, Jumanne, saa mbili na robo asubuhi.

Jike alitoka kwenye ukingo wa miti, ng'ambo ya kijito, mlimani. Alisimama ubavu vizuri. Cuthbert alivuta pumzi, akaiachia nusu, akapiga. Na katika sekunde hiyohiyo mnyama akapiga hatua moja mbele. Hakuruka. Alikunja mgongo kama paka aliyemwagiwa maji, akaondoka kwa mwendo mzito, akaingia mitini. Kila mtu wa kazi ile anajua maana ya mgongo uliokunjwa. Risasi imeingia tumboni.

Cuthbert akafungua bunduki, akatoa ganda la risasi. Aliona msonobari uliovunjika kilele pale mnyama aliposimama, akautia akilini. Akatundika kofia yake tawini kuonyesha alipopigia. Na sasa jambo gumu kuliko yote: kuondoka. Mnyama aliyepigwa tumboni ukimfuata mara moja anainuka na kwenda maili tano. Ukimwacha masaa matatu analala karibu. Basi mtu hana budi kumwacha anayeumia na kwenda nyumbani kunywa chai.

Jikoni alimkuta Norman, aliyekuwa ameleta mayai na kukaa kula mkate. Hilda alitazama kichwa kisicho na kofia, hakuuliza kitu, akaongeza kikombe.

"Tumboni," alisema Cuthbert.

Norman akaweka mkate chini. Redio ilisema mvua itaingia saa saba. Wote watatu waliisikia. Mvua kubwa ingefuta harufu yote, na Novemba huko saa kumi ni giza.

Saa tano na nusu Cuthbert akachukua ukosi.

"Nakuja," alisema Norman.

"Kucheka?"

"Kukufungulia mageti, shemeji. Kucheka nitacheka kesho."

Walivuka kijito wakapanda mpaka kwenye ukingo wa miti, na hapo Cuthbert akaona jambo ambalo hakulitegemea. Misonobari iliyovunjika vilele ilikuwa mitatu. Kutoka ng'ambo alikuwa ameona mmoja. Miti ile ilipandwa siku moja kwa mistari, yote sawa kama askari, na upepo wa Februari ulikuwa umeichagua kama ulivyotaka. Akageuka kuitafuta kofia yake, akaiona kwa mbali, akapima kwa jicho, akaamua ni mti wa katikati. Akainama chini yake. Hakuna damu, hakuna nywele.

"Hapa," akamwambia Midge. "Tafuta."

Midge alinusa kwa adabu tu. Kisha akageuka kulia na kuanza kupanda mlima, kamba ikikaza.

"Sio huko," Cuthbert akasema, akamvuta. "Wa tumboni hushuka majini. Baba yangu alinifundisha hilo, na baba yake alimfundisha yeye."

"Ni kweli," alisema Norman. "Hushuka."

Wakashuka. Kwenye tope kando ya kijito wakakuta alama ya kwato, mpya kabisa, kingo zake bado kali, na Cuthbert akahisi damu ikimrudia usoni. Ila Midge alitembea nyuma yake kichwa juu, kama mbwa anayetembezwa baada ya kanisa. Alama ile ilikuwa ya kulungu mzima aliyekwenda zake kwa hatua sawa. Walifuata ukingo wa maji nusu saa nzima. Hakuna.

Wakapanda tena mpaka kwenye mti. Midge akageuka kulia, akapanda. Cuthbert akamvuta, safari hii kwa nguvu, maana hofu ilikuwa imeshamwingia mikononi, na hofu ikiwa mikononi haisikii.

"Tutajaribu upande wa kushoto," akasema. "Labda alizunguka."

Tone la kwanza likamwangukia mkononi. Halafu la pili. Norman alikuwa amesimama na mikono mfukoni, na aliposema, alisema kwa sauti ileile ya kila siku ya kutania.

"Shemeji, hebu niulize. Mbwa ni wa nini?"

"Sasa hivi, Norman? Kweli sasa hivi?"

"Nauliza tu. Maana naona wewe unajua kulungu alipo, na mbwa unamfundisha njia. Kama ni hivyo mfungie garini asilowe, uende ukamlete huyo kulungu."

Cuthbert alimgeukia amtukane, tusi likiwa tayari mdomoni. Halikutoka. Akatazama mkono wake. Kamba ilikuwa imezungushwa mara tatu kiganjani, fupi, imekaza mpaka vidole vyeupe, na mwisho wake Midge alikuwa amesimama, shingo imevutwa upande, macho yake bado kulia, mlimani.

Akafungua kidole kimoja kimoja. Kamba ikaanguka kwenye nyasi.

"Haya," akasema. "Nenda."

Midge hakungoja aambiwe mara ya pili. Alipanda kulia hatua thelathini, akapita nyuma ya kichaka, akasimama na kuweka pua chini bila kusogea. Cuthbert alipofika aliona msonobari wa nne uliovunjika kilele, ambao kichaka kilikuwa kimeuficha, na chini yake nywele zilizokatwa na risasi, ngumu, nyeupe kwenye ncha, na kwenye jani moja doa la kijani lenye harufu ya tumbo. Zaidi ya saa nzima alikuwa ametafuta hatua thelathini kutoka penyewe. Kama angemvuta tena kushoto, asingepaona mpaka kufa kwake.

"Mama yangu," alisema Norman taratibu.

Wakaenda. Msitu ulikuwa mnene kiasi cha kutambaa, na kwa hatua mia nne Cuthbert hakuona kitu chochote: si damu, si nywele, si alama. Kila dakika kichwa kilimwambia mbwa amepotea, mvute. Akaishika kamba kwa vidole viwili tu, kama anavyoshika mtu uzi wa sindano, na kila kichwa kilipomwambia vuta alijibu kwa sauti, "Nyamaza." Norman nyuma yake alidhani anaambiwa yeye, akanyamaza. Mara mbili Midge alipitiliza. Mara mbili akarudi mwenyewe, akazunguka, akashika njia. Mvua ilikuwa inaongezeka juu ya vilele vya miti, wakiisikia kabla haijawafikia.

Walitokea kwenye eneo la visiki. Midge akainua kichwa kwa mara ya kwanza, na mwili wake wote ukawa mgumu.

Kulungu aliinuka kutoka nyuma ya kisiki, hatua hamsini mbele. Alikuwa hai. Masaa matano, na alikuwa hai. Aliwatazama kitambo, kisha akaondoka akikimbia kwenye mgongo wa kilima, mbingu tupu nyuma yake, mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili anayepiga risasi, maana ikimkosa mnyama hujui itaangukia wapi. Cuthbert hata hakuishusha bunduki begani. Alipiga magoti akafungua ukosi.

Na hapo ndipo miguu ilipofanya kazi yake. Watu wanaozungumza juu ya mbio za lurcher husema maneno mengi, na mimi sina la kuongeza isipokuwa kwamba Norman, aliyekuwa amefungua mdomo aseme "hamfikii," hakuwahi kufika kwenye neno la mwisho. Midge alipita visiki bila kugusa kimoja, akamkata mnyama kabla ya ukuta wa mawe, akamgeuza, akamshika kooni na kumlaza. Hakumtikisa. Alimshika tu, akitazama nyuma kwa pembe ya jicho kama mtu aliyeshikilia mlango akingoja wenzake waingie.

Cuthbert alikimbia jinsi mtu wa miaka sitini na moja anavyoweza kukimbia kati ya visiki. Alifika, akaweka mkono juu ya macho ya yule mnyama, akamaliza kwa risasi moja ya karibu. Miguu ikanyooka. Basi.

Kisha mvua ikashuka yote kwa pamoja.

Alikaa palepale kwenye maji na matope, mkono mmoja juu ya ubavu wa kulungu, ambao haukuwa ukipanda tena wala kushuka. Kitu fulani kilichokuwa kimembana kifuani kwa miezi ishirini na miwili kililegea, si polepole, bali kwa ghafla, na akajikuta analia kwa sauti, mdomo wazi, bila aibu yoyote. Alikuwa amefurahi. Hakukumbuka lini mara ya mwisho alifurahi hivyo. Midge akamlamba sikio, akaenda kujikung'uta juu ya Norman.

Norman alikuwa amevua kofia na kujifuta uso kwa muda mrefu kuliko inavyohitaji mvua.

"Nisamehe, mama," alimwambia mbwa.

Cuthbert akakata kipande cha ini, akampa Midge mkononi kabla ya kufanya kitu kingine, maana anayempata ndiye hula wa kwanza. Halafu akatafuta simu kwa vidole vilivyokufa ganzi, akapanda juu ya ukuta palipo na mtandao. Hilda alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Tumempata," akasema.

Ikasikika sauti ya kiti kikiburutwa, mtu akikaa.

"Alikuwa amekufa?"

"Alikuwa hai. Sasa amepumzika."

"Ee Mungu, ahsante." Akavuta pumzi. "Uko salama? Mbona sauti yako hivyo?"

"Nilikuwa nalia. Hilda, nilimvuta. Mara mbili alinionyesha njia, na mara mbili nikamvuta, kwa sababu nilijua zaidi. Ningekuwa na mbwa kumi leo, ningewavuta wote kumi."

"Na mara ya tatu?"

"Mara ya tatu nikamwachia."

"Basi si ulimwachia," alisema Hilda.

Chini ya ukuta Norman alikuwa ameshaanza kumfunga kulungu kamba amburute, akimweleza Midge, kwa kirefu na kwa heshima, kwamba yeye tangu mwanzo alisema lurcher ndiye mbwa. Cuthbert alimtazama, akatazama mteremko na mistari ya miti ikipotea kwenye mvua. Alikuwa amelowa mpaka mifupani na ana njaa, njaa kubwa ya kijana.

"Hilda," akasema. "Kesho niamshe mapema. Upande wa juu kule bado kuna kazi."

Kwenye simu ikasikika Hilda akiitia ufunguo saa ya kuamshia.

"Haya," akasema. "Nitakuamsha."